Kabati la Mjomba: Shoka la Kratos, namba 0457

Mwezi huu nina barua tatu tu zenye swali. Ya kwanza imenila wiki nzima, pamoja na asubuhi moja kwa sonara, basi hizo mbili zitanisamehe kwa ufupi.

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi ni mpwa wako, niko Tanga. Kuna jamaa hapa mtaani ana shoka la Leviathan, lile la Kratos wa gemu ya God of War, dogo, la chuma, linalala kwenye boksi jeusi lenye sponji na lina kistendi chake. Anasema ni toleo maalumu, stenlesi tupu, uwiano wa 1:6, yametengenezwa 1,000 tu duniani, na lake lina kadi yenye namba 0457. Anataka 250,000. Nimemwomba aniachie wiki moja nilikague, kakubali kwa kuwa tunasali msikiti mmoja. Nimekutumia kwa basi. Nitoe hela au nimrudishie?

JIBU: Marahaba, mpwa. Kifurushi kilifika Jumanne magharibi. Kondakta alikuwa amekipakata kama mtoto mchanga kwa sababu uliandika KIOO juu yake. Hakuna kioo humo, lakini akili hiyo naisifu.

Nianze na jibu, maneno yatafuata: mrudishie. Na kama moyo umeshalipenda, maana barua yako inanukia mapenzi, mwambie unayo 35,000 na kadi yake abaki nayo.

Sasa nikueleze nilivyofika hapo. Kwanza nililishika tu bila kulitazama, nimefumba macho, kama mtu anayechagua nazi. Zito, baridi, kichwa kinavuta mbele kuliko mpini. Mpaka hapo zuri. Midude mingi ya aina hii ni resini iliyopakwa rangi ya fedha, na ukiishika unajua papo hapo kwamba umeshika chanuo.

Nikachukua rula. Kutoka ncha ya juu ya kichwa hadi kitako cha mpini ni sentimita 21.5. Jamaa yako anasema 1:6, yaani ukizidisha mara 6 upate shoka lenyewe. Unapata sentimita 129. Namba peke yake haimwambii mtu kitu, kwa hiyo nikatoa kabatini sanamu yangu ya 1:6, ambayo kama nyingi za uwiano huo ina urefu wa takriban sentimita 30, nikaisimamisha kando ya shoka. Linaifika kwapani! Kratos analichomoa mgongoni kwa mkono mmoja, analirusha, linamrudia kiganjani. Huyu wangu angelitumia kuegemea kama mzee anayesubiri daladala. Ukizidisha kwa 4 unapata sentimita 86, na jicho langu linasema hapo ndipo penye ukweli zaidi. Hili si jambo la kutafuta makosa kwa tochi. Mtu anayeandika 1:6 bila kupima anaiga tu kilichoandikwa kwenye maboksi ya wenzake, na mnunuzi mwenye sanamu ya kuivika silaha atajuta siku ya kwanza.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa sonara wangu, mtaa wa pili. Huyu mzee ameshaniona nikimletea vituko vya kila namna. Akatazama boksi, akatazama uso wangu. "Leo umeleta silaha ya nani?"

"Ya Mgiriki mmoja aliyehamia Unorwe."

"Ina dhahabu?"

"Hata punje."

"Basi ngoja nimmalize huyu mteja."

Mizani yake ya fedha inasoma gramu moja moja. Shoka: gramu 138. Akaleta jagi la plastiki la juisi, akatia maji, akaliweka juu ya mizani, akabonyeza isome sifuri. Akalifunga shoka shingoni kwa uzi wa nailoni, akaliteremsha taratibu hadi likazama lote bila kugusa chini wala pembeni. Hapa ndipo watu hukosea: likigusa kitako cha jagi umepima uzito wa shoka, na hukuwa unautafuta huo. Mizani ikasoma 21. Tukalitoa, tukalipangusa, tukarudia: 21 tena. Hizo gramu 21 ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, tumeshapata ujazo wa shoka. Gawa 138 kwa 21, unapata kama 6.6, yaani gramu 6.6 kwa kila sentimita moja ya ujazo.

Stenlesi ipo karibu na 7.9. Shoka hili lingekuwa stenlesi, kwa uzito huo huo mizani ingesoma 17 au 18, na mizani ya sonara haikosei gramu tatu au nne, la sivyo angeshafunga duka. 6.6 ni zinki, ile aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki inayosubiwa kwenye kalibu za chuma. Wenyewe wanaiita Zamak, jina lililounganishwa kutokana na maneno ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba, na ilitengenezwa mwaka 1929 na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi 380 na kitu, chini kabisa ya chuma, ndiyo maana inafaa kwa vitu vidogo vyenye nakshi nyingi: inaingia kila pembe ya kalibu kama uji.

Usidhani nimeitukana. Mimi mwenyewe nina vitu vya zinki vyenye leseni zote, vizuri, navipenda. Nongwa ni kuiita zinki stenlesi halafu ukaweka bei ya stenlesi. Na kama jamaa atakuonyesha kwamba sumaku hailishiki shoka, "unaona, stenlesi hiyo", mpongeze kwa kujua nusu. Ni kweli stenlesi nyingi hazishikwi na sumaku. Zinki nayo haishikwi.

Zinki ina ugonjwa wake mmoja wa kuuangalia. Ikichanganyika na madini ya risasi kidogo tu wakati wa kusubu, miaka inavyokwenda inapasuka kutoka ndani, inavimba, inameguka kama biskuti, na unyevu unaiharakisha. Magari ya kuchezea ya Dinky ya Uingereza, yale ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, mengi yamekufa kifo hicho, na hayana dawa. Shoka lako nimelipitisha chini ya lenzi ya sonara kutoka kichwani hadi kitakoni: halina ufa hata wa unywele, wala uvimbe. Lakini bado ni changa. Wewe uko Tanga, upepo wa bahari unaingia hadi kabatini, kwa hiyo likibaki kwako lisikae sakafuni wala dirishani.

Lenzi ndiyo iliyonionyesha mengine. Mshono wa kalibu unapita ubavuni mwa mpini wote. Mtu aliupiga tupa hadi katikati, kisha nadhani kengele ya chakula ikalia, maana kuanzia katikati kwenda kitakoni mshono umeachwa kama ulivyozaliwa. Ngozi iliyozungushwa mpinini si ngozi, imesubiwa pamoja na mpini ikapakwa kahawia, na mahali zamu moja ya ngozi inapopanda juu ya nyingine rangi imevuka mpaka. Hayo nayasamehe kwa shilingi 35,000.

Nisichokisamehe ni maandishi. Kwenye gemu, kichwa cha shoka hilo kina alama za kale za Kinorse, maandishi ya watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, na nakshi za kusukana, na zile alama zinawaka bluu Kratos anapolitia baridi. Shoka lenyewe lina ukoo: lilifuliwa na ndugu wawili vibete, Brok na Sindri, hao hao waliofua nyundo ya Thor, likawa la Faye, mke wa Kratos, na gemu ya 2018 inaanza Kratos akilitumia kuukata mti wa kumchomea maiti yake. Mtu anayejua hayo huanza kusoma kichwani. Kwenye lako, alama ya kwanza na ya pili zinasomeka. Ya tatu imekuwa mkwaruzo. Nakshi za kusukana zinaanza vizuri, halafu kamba mbili zinaingia chini na zinatoka tatu. Hiyo ni dalili kwamba kalibu haikutengenezwa kutokana na michoro ya wenye gemu. Mtu alichukua kidude cha mwenzake, akakitolea kalibu, na kila ukinakili nakala, ncha zinalainika, kama sabuni ya bafuni.

Boksi nalo halina wazazi. Bidhaa yenye leseni ya God of War hubeba jina la Sony Interactive Entertainment, wenye gemu, na jina la kampuni iliyotengeneza. Lako halitaji hata jina la gemu.

Tukaja kwenye kadi, ile inayobeba bei yote. 0457/1000, kwa wino wa dhahabu. Namba ya toleo mara nyingi hutiwa baada ya kadi kuchapwa, kwa muhuri au kwa kalamu, kwa hiyo wino wake hutofautiana kidogo na wa maneno mengine, au unaona karatasi imebonyea. Chini ya lenzi, namba yako na pambo la pembezoni ni chapa moja, pigo moja. Nikasema moyoni, hii kadi imechapwa hivi hivi, nyingi.

Sikuwa na ushahidi lakini, nilikuwa na dhana tu. Nikarudi nyumbani, nikafungua barua nyingine za mwezi. Mpwa wa Mwanza, ambaye nina hakika hamjuani, alikuwa amenitumia picha ya shoka lake, hana swali, anajivunia tu. Boksi jeusi. Sponji. Kistendi. Akalaza kadi mbele ili niione vizuri. 0457/1000.

Nilicheka peke yangu hadi mama watoto akaja kuchungulia.

Kwa hiyo 250,000 hapana. Kwa nini basi nasema 35,000 na siyo bure? Kwa sababu kusubu ni kusubu, uzito upo, kistendi chake kimekatwa vizuri kuliko shoka lenyewe, na ukilitazama kutoka umbali wa mita moja, mahali ambapo wageni wako watasimama, ni shoka la Leviathan. Utakuwa umenunua pambo, siyo akiba. Mwaka kesho ukitaka kuliuza, usitarajie hata hiyo 35,000.

Na jamaa yako usimwaibishe msikitini. Huenda naye aliuziwa hadithi hiyo hiyo pamoja na kadi. Nimekuandikia vipimo vyote kwenye karatasi, imo ndani ya boksi. Mpe asome mwenyewe, akibisha mwambie atafute jagi.

Niseme na langu. Mimi nilikuwa na kibanda cha gemu, runinga mbili na PS2 mbili zilizochipiwa zicheze diski za kunakili, mwaka ule God of War ya kwanza ilipoingia, 2005. Vijana walilipa kwa nusu saa, na wa Kratos walikuwa hawaondoki hata muda ukiisha. Nilikuwa nazima runinga kwa mkono huku wananilaani. Wakati huo silaha yake ilikuwa vile visu viwili vyenye minyororo. Hakukuwa na kidude chochote cha kununua, kwa hiyo kijana mmoja alijitengenezea kwa boksi la sabuni na mnyororo wa baiskeli, akavitundika ukutani kwangu. Vilikaa miaka mitatu hadi mvua ikaingia. Vile, mpwa, kama vingekuwepo leo, nisingekubali 250,000.

SWALI: Mjomba, salamu kutoka Nakuru. Binamu yangu aliniletea kutoka Marekani lile boksi kubwa la God of War Ragnarök, Jötnar Edition. Nikalifungua siku hiyo hiyo, msimbo wa gemu nikautumia, nyundo ya Thor iko sebuleni juu ya runinga. Sasa naona watu wanatafuta yaliyofungwa, na roho inaniuma. Nimeharibu? Na nyundo nikiiuza peke yake?

JIBU: Nyundo usiiuze peke yake, na sababu yake wengi hawaijui. Gemu ilipotoka tarehe 9 Novemba 2022 kulikuwa na maboksi mawili makubwa: Collector's Edition ya dola 199.99 na hiyo yako ya dola 259.99. Nyundo ya inchi 16, yaani kama sentimita 40, imo kwenye yote mawili, ile ile. Kwa hiyo nyundo, kitu unachokiweka juu ya runinga kila mtu akione, ndicho kisichokutofautisha na mwenye boksi la bei ya chini.

Kinachokutofautisha ni vidude vidogo: pete ya Draupnir, pini tatu za kipanga, dubu na mbwamwitu, dadu za Brok, ramani ya Yggdrasil, ule mti wa ulimwengu, na sahani ya santuri ya inchi 7 yenye muziki wa Bear McCreary. Inuka sasa hivi uvitafute. Pete ndiyo hupotea kwanza, kwa sababu mtu huivaa. Halafu pini, kwa sababu watoto huziomba. Boksi la Jötnar lililofunguliwa lenye kila kitu bado ni kitu cha maana. Lisilo na pete ni Collector's Edition yenye pini.

Kuhusu msimbo, hapo kuna kitu kimeondoka kweli. Matoleo yote mawili yalikuja na kasha la chuma la diski lakini diski yenyewe haimo, gemu ilikuwa ya kupakua. Watu walilalamika sana, na walikuwa na haki. Msimbo ukishatumika, mnunuzi wako anapata kasha tupu. Mwambie mapema, andika kabisa kwenye tangazo, maana akiligundua nyumbani atakuita mwizi.

Roho kukuuma sielewi inauma kwa lipi. Ulicheza gemu, nyundo unaitazama kila jioni. Mimi boksi lililofungwa silipendi hata kwa kununua: siwezi kuona rangi imechubuka wapi, siwezi kupima, siwezi kunusa. Nalipa nailoni. Ila nyundo itoe juu ya runinga, joto la runinga na vumbi havipatani na rangi. Isogeze rafu ya pembeni, jua la dirishani lisiifikie.

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mwanangu ana vile visu vya minyororo vya Kratos, vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, vishikio vya plastiki laini na minyororo ya chuma. Aliviweka kwenye kopo lenye mfuniko visiharibike, na sasa vishikio vinanata kama vimepakwa asali. Je, vimeoza? Naandika kutoka Unguja.

JIBU: Marahaba, mpwa. Havijaoza, vinatoka jasho. Plastiki laini ya namna hiyo hutiwa mafuta ya kuilainisha kiwandani, na ukiifungia mahali pa joto pasipo hewa, mafuta yale hutoka juu na kukaa hapo. Kopo lenye mfuniko, Unguja, mwezi wa pili! Mtoto alikuwa na nia njema.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini wa zamani, taratibu kwenye rangi. Suuza, pangusa, anika kivulini siku nzima. Usitumie spiriti wala tina, rangi itaondoka na kunata kutabaki. Huenda ukarudia baada ya miezi michache, ndivyo ilivyo. Baada ya hapo viishi nje, vimening'inizwa mahali penye hewa.

Minyororo ishughulikie mbali na vishikio. Ukiona unga mweupe kwenye pete zake, hiyo ni zinki inaliwa na chumvi ya bahari. Usugue unga huo kwa mswaki mkavu, kisha paka nta kidogo kwa kitambaa, ile ya kung'arishia fanicha inatosha, ufute mpaka usione nta. Na kama kijana atataka kuvificha tena ndani ya kopo akienda shule, vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu atie vinne au vitano, na mfuniko asiukaze.

Mpwa wa Tanga, basi linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Nimeandika KIOO tena.